Tarishi, Mbwa wa Anande

Mke wangu Anande tulimzika migombani, karibu na mlango. Aliniachia mbwa. Mdogo, mwekundu, masikio ya popo. Anande alimwita Tarishi, maana alitangaza wageni kama tarishi wa boma anavyotangulia mbele ya Mzungu wake.

Nyumba yetu, hapa Akheri, iko kando ya njia ya mfereji. Kila asubuhi wanawake wanapita kuchota maji. Anande alipokuwa hai, Tarishi alibweka mara mbili tatu, basi. Baada ya mazishi hakunyamaza tena. Alisimama kwenye mwanya wa ua, akabweka mtu anapokuja, akabweka anapopita, akabweka mpaka amepotelea mbali.

Nilimfunga kamba. Akazidi. Nikamchapa fimbo. Akalia na kubweka pamoja. Nikamweka bandani, mbuzi wakakataa kula.

Jumatatu alimrukia miguuni Hedwiga, binti wa jirani, akienda kuchota maji. Hakumuuma, lakini Hedwiga alianguka. Debe likabonyea, goti likapasuka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Niliona. Sikuinuka.

Kesho yake akaja Ephraimu, mkubwa wa wazee wa mfereji. Alipiga hodi mara tatu, kisha akaingia tu.

"Hata kuitika umeacha, Baba Thomasi?"

"Nimekuona."

"Wazee wamekaa. Jumamosi nitasimama hapa mwenyewe. Mbwa akiwabwekea tena wanawake hivi, nammaliza." Akagusa rungu lake.

"Mdogo hivi?"

"Mwili mdogo. Mdomo ni wa simba."

"Ni wa Anande."

"Najua. Ndiyo maana nimekupa mpaka Jumamosi."

Sikulala vizuri. Nguo za Anande dada zake walishagawana. Kilichobaki kinachomtafuta hapa nyumbani ni mimi na yule mbwa.

Alhamisi akaja shemeji yangu Ndeshi kutoka Usa River, kunipikia. Alikuwa jikoni wakati Tabea, mmoja wa wachota maji, anapita njiani. "Hodi hapo! Mmeamkaje?" Tarishi akaanza. Ndeshi, macho yakiwa kwenye chungu, akapaza sauti: "Tumeamka, mama! Karibu!"

Tarishi akafunga mdomo. Akageuka kutazama jikoni, akalala.

"Umemfanyaje?" nikauliza.

"Nani?"

"Mbwa."

"Shemeji, mimi mbwa hata sijamwona."

Nikatoka nikakaa. Kwetu mtu hapiti nyumba ya mwenzake kimya. Anaita, na wenyewe wanaitika. Miaka yote aliyeitika ni Anande. Tangu tumzike watu waliita, nyumba ikakaa kimya. Tarishi alikuwa anapeleka habari na hakuna wa kuipokea. Basi akairudia.

Ijumaa nilijaribu. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekwamwa na kiazi. Mbwa hakuniamini. Ndeshi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Itika kama mtu anayetaka wageni, shemeji!"

"Siwataki."

"Basi mbwa amekujua."

Jumamosi Ephraimu alisimama chini ya mgomba, rungu mkononi. Tabea akaja wa kwanza. Akaita. Tarishi akalipuka. Ephraimu akasogea hatua moja.

"Tumeamka, mama!" nikapiga kelele. "Karibu!"

Tarishi akageuza kichwa. Alinitazama muda mrefu. Kisha akanyamaza.

Wa pili hivyo. Wa tatu hivyo. Jasho lilinitoka kama nalima.

Mwisho akaja Hedwiga, anachechemea. Hakuita. Hakuniamkia. Macho mbele. Tarishi akabweka, akabweka, na mimi sina cha kuitikia. Ephraimu akainua rungu.

Nikaenda kwenye mwanya wa ua, nikasimama mbele ya mbwa.

"Hedwiga, mwanangu. Goti linaendeleaje?"

Akaendelea kutembea.

"Nilikuona ukianguka. Sikuinuka. Nisamehe."

Akasimama. Debe kichwani halikutikisika.

"Siku tano, Baba Thomasi."

"Ndiyo."

"Na siku za msiba maji ya nyumba hii nilibeba mimi."

"Ulibeba wewe."

Tarishi anabweka tu nyuma ya miguu yangu. Nilisikia Ephraimu anakohoa. Hedwiga akashusha pumzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nikirudi."

Kubweka kukakoma. Nikatazama chini. Tarishi alikuwa amekaa, ananitazama mdomo.

Ephraimu akaweka rungu kwapani. "Kumbe tulitaka kumpiga yule mwenye adabu," akasema, akaenda zake mferejini.

Jua lilipopanda kidogo Tarishi akabweka mara mbili. Debe lilikuwa limejaa, maji yanamchuruzika Hedwiga begani.

"Hodi hapa!" akaita.

Nikaitika.