Mzinga Kwenye Bendera ya Mji

Sisi tuliolelewa Kitui wakati gunia lilikuwa blanketi tunajua kitu ambacho vijana wa leo hawana habari nacho: boma lenye mizinga ya nyuki lilikuwa na alama yake. Mzee akishachonga mzinga, alipasha chuma mpaka kiwe chekundu, akachoma alama kwenye ule mti, na sisi watoto tukasimama kwa moshi macho yakitoka machozi, hatutaki kupitwa. Mzinga wenye alama uliweza kutundikwa hata kilima cha mbali, na hakuna mtu angeugusa. Kijana wa siku hizi anafunga pikipiki kwa mnyororo na bado anaamka bila.

Alama ya kina Kyalo ilikuwa mistari miwili iliyosimama, na upinde juu. Kyalo ni rika langu, na alikuwa na maringo. Aliichora kwenye mpira wetu wa matambara, kwenye kibuyu cha uji, hata kwenye paja lake, maana hakuna aliyejua mafuta ya kujipaka na kijiti kiliandika kwa ngozi kavu kama chaki. Halafu ananigeukia. "Na yenu?"

Baba yangu alichunga ng'ombe za watu. Mzinga hakuwa nao.

"Nyuki wa kwao hulala kwa jirani," Kyalo akawaambia wenzetu, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jioni nikamuuliza baba alama yetu ni gani. Alitafuna mahindi na maharagwe polepole, akasema, "Kula kwanza."

Basi nimekula. Shule niliiacha darasa la tano, nikauza maji kwa punda, nikauza ndengu soko la Tulia, na leo ukitafuta simiti mjini utaelekezwa kwangu. Ile ghorofa ya vigae vya bluu ni yangu. Kyalo, na masomo yake yote, ni mpangaji wangu.

Juzijuzi manispaa ikazindua bendera na nembo. Mlingoti umesimama kwa simiti yangu, kwa hivyo nilikaa mbele. Mwenye kipaza sauti akaeleza: kijani ni ndengu zetu, nyekundu ni udongo, mstari mweupe ni mchanga wa mito. Upepo ukaifungua bendera. Katikati kulikuwa na mzinga, na kwenye mzinga, mistari miwili na upinde. Wachoraji walitafuta mzinga wa zamani wa kuiga, na Kyalo akawapelekea wa baba yake.

Nikamfuata. "Kyalo, mmepandisha boma lenu juu ya mji mzima."

"Aii, landilodi," akasema, "wewe una ghorofa. Mimi niachie mzinga."

Watu wakacheka. Nikacheka pia, lakini ile chai ya sherehe sikuingoja.

Kesho yake nilienda kwa kijana mmoja wa kompyuta pale stendi anitengenezee nembo yangu. Kabla soda yangu haijaisha alikuwa amenichorea simba mwenye taji. "Ni kali, mzee," akaniambia. "Jana nimemchorea mwenye kinyozi hiyo hiyo."

Siku hizi alama inanunuliwa ukisubiri. Zamani uliipata kwa baba, na kama hakuwa nayo, hakuna duka ungeenda. Kyalo hupita chini ya ile bendera kila asubuhi bila kuinua macho. Mimi ndiye husimama kuitazama.