Nguo ya Mama Yake Peresi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika jumba la makumbusho pale Kisumu, siku ambayo mpaka leo nikiiwaza siwezi kukaa kitako. Nilikuwa kijana, nimefundishwa kutunza nguo za kale, na nilikuwa nimekabidhiwa kitambaa cha pamba kutoka Katito. Kilifumwa na mwanamke kijana aliyejifunza ufumaji misheni, kwa pamba ya shamba la kwao. Kilikuwa cheupe, chenye milia ya buluu ukingoni, na kimechakaa hata ukikipulizia pumzi kinatikisika.

Nilikifyonza vumbi kupitia wavu, nikakishonea kitambaa kipya kwa chini, uzi mwembamba kama unywele, tukakilaza ndani ya kabati la kioo. Taa tukaififisha. Mwanga hula pamba, mwanangu, na rangi ikishaondoka hairudi. Wazee husema akiba haiozi. Nadhani hawakuwahi kutunza pamba.

Kabla ya maonyesho kufunguliwa akaja Dani Peresi, yaani Bibi Peresi kwa Kijaluo, binti wa yule mfumaji, ndiye aliyetupatia kitambaa hicho. Mjukuu wake alimshika mkono, kwani macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliinama juu ya kioo kwa muda mrefu.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "mimi naona giza tu."

Akaomba niongeze taa. Nikamweleza kwamba hairuhusiwi. Akaomba nifungue dirisha. Nikakataa tena, kwa heshima zote. Hakubishana. Aliketi kwenye benchi, akatulia. Asiyetulia ni mimi. Nilienda mlangoni, nikarudi, nikapangusa kioo kilichokuwa safi, nikakipangusa tena. Nikimtazama yeye, moyo unanisuta. Nikikitazama kitambaa, naogopa.

Mzee Odhiambo, mkuu wangu wa kazi, akatukuta hivyo. Nikamweleza haraka haraka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unakitunza kwa ajili ya nani?"

Nikasema, kwa ajili ya watakaokuja.

"Huyu amekuja," akasema, akaongeza taa.

Dani akasimama. Kidole chake kilifuata milia juu ya kioo mpaka mahali ambapo mlia mmoja unaruka, kosa ambalo mimi nililiona siku zote bila kujua sababu yake.

"Mama aliachia hapa uchungu ulipomshika," akasema. "Aliporudi kufuma, hesabu ilikuwa imempotea. Hapa ndipo nilipozaliwa." Akacheka, kisha akalia, mjukuu naye akalia.

Walipoondoka, Mzee aliififisha taa, akaniagiza nikifunike kitambaa kipumzike gizani kufidia mwanga ule, hata kama maonyesho yatachelewa. Wakubwa walinung'unika. Dani hakurudi tena. Alifariki kabla ya mvua za masika.

Mpaka leo najiuliza buluu ile ilipungua kiasi gani. Sijui. Najua tu kwamba ningemrudisha Katito bila kuona, mahangaiko yangu yasingekuwa na dawa.

Basi sikia, mwanangu. Utakabidhiwa vitu vya watu: shamba, jina la ukoo, pengine watoto wa wengine. Vilinde kwa bidii, kwani kitunze kikutunze. Lakini usivilinde hata ukamfungia mlango mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Asiyefungua atapona vipi? Na kanuni ikigongana na mtu aliye mbele yako, usikae na wasiwasi peke yako, muulize aliyekutangulia.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo mpana, na kila ajaye kwako aondoke amepata alichokifuata.