Kila Mama Sera Alipoingia

Nilipokuwa msichana wa darasa la nne, nyumbani kwetu nje kidogo ya Molo, niliambiwa kwamba jirani yetu Mama Sera ana jicho. Aliyeniambia ni Shosho, mamake baba, ambaye tuliishi naye. Alisema Mama Sera akimtazama mtoto mchanga sana, mtoto hanyonyi jioni hiyo, na akimsifu ng'ombe, maziwa yanapungua.

"Si eti ni mtu mbaya," Shosho aliniambia. "Alizaliwa nalo tu. Lakini wewe usikule mbele yake."

Mimi nilimpenda Mama Sera. Alikuwa mjane mrefu, mwenye sauti ya chini, na jioni kadhaa kila wiki alikuja kwetu kutazama habari kwa kuwa kwake hakukuwa na televisheni. Sisi wa nyumbani tulipitia mlango wa jikoni, upande wa nyuma. Yeye alibisha ule wa mbele, mlango wa chuma wa wageni, akaingia na kuketi kwenye kigoda karibu na kizingiti, mlango akiuacha wazi kabisa. Baridi ya Molo ilitumiminikia.

"Funga tu, Mama Sera, tutakufa na baridi," Mama alikuwa akimwambia.

"Wacha tu, sikai sana," alijibu, na mlango ukabaki hivyo hivyo.

Televisheni yenyewe ilitusumbua tangu siku ya kwanza. Baba alikuwa ameleta dikoda na antena ndogo ya kuweka ndani, na kwa wiki nzima aliizungusha antena hiyo kama mtu anayetafuta pa kumlaza mtoto mgonjwa. Juu ya kabati, picha ilikatika vipande vipande. Karibu na ukuta wa nyuma, skrini iliandika tu kwamba hakuna mawimbi. Nilisimamishwa juu ya kiti nikiishikilia mkononi, Baba akipiga kelele, "Hapo! Hapo hapo! Usipumue!" Nikiishika picha inakuja, nikiiachilia inapotea. Mwishowe ilipatikana kona moja kati ya televisheni na dirisha la mbele, juu ya meza ndogo, na Baba akatoa amri kwamba asiiguse mtu.

Hata hapo, jioni nyingine picha iliganda, waimbaji wakabaki midomo wazi. Baba alilaumu mvua. Mimi sikuridhika. Nilianza kuchunguza kimya kimya. Mvua ilinyesha, picha ikawa safi. Upepo ukavuma, picha ikawa safi. Mama akapiga pasi, hakuna kilichobadilika. Kisha jioni moja Mama Sera akabisha, akaingia, akaketi, na picha ikaganda. Alipoondoka ikarudi. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu ikatokea tena. Nilimnong'onezea Shosho. Hakuonyesha mshangao wowote. Alinishika tu mkono, akaniambia, "Sasa umejionea."

Ikafika Jumapili ambayo kwaya ya kanisa letu ingeonyeshwa. Walikuwa wamerekodiwa huko Nakuru mjini, na Mama alikuwa mstari wa mbele. Sebule ilijaa watu mapema mchana: wanakwaya, shangazi yangu, majirani, Shosho akiwa amempakata Kim, ndugu yangu wa miezi minne. Mlango ulifungwa kwa ajili ya baridi. Kwaya ikatokea, watu wakapiga vigelegele, na Mama alipojiona akajifunika uso kwa leso.

Hapo mlango ukabishwa. Mama Sera aliingia taratibu, akauacha wazi kama kawaida yake, akaketi. Picha ikaganda. Sauti ikakatika. Uso wa Mama ukapasuka vipande vya mraba, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Aki jamani!" mtu alilia. Baba aliruka kwenda kwenye antena, akaigeuza huku na huku. Hakuna kitu.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nakumbuka tu sauti yangu, nyembamba na kali: "Ni Mama Sera! Kila akiingia inakatika!"

Nilitarajia Mama anizabe kofi. Badala yake Shosho alimfunika Kim uso kwa shali, polepole, mbele ya kila mtu, akasema, "Mtoto ameona."

Mama Sera alinitazama. Hakukasirika. Aliinuka, akatoka, na kwa mara ya kwanza akauvuta mlango nyuma yake, bila kuaga.

Picha ikarudi.

Shangazi alipiga yowe. Mwanakwaya mmoja alianza kuomba kwa sauti. Baba, ambaye hakuwahi kuamini mambo hayo, alibaki ameishika antena kwa mikono miwili, mdomo wazi, huku Mama kwenye skrini akiimba kwa furaha.

Habari ilifika sokoni kabla ya jua kuzama. Wiki ile watu waliacha kununua maziwa ya ng'ombe wa Mama Sera. Kim alipopata homa kidogo, Shosho alituma aitwe aje amtemee mate ili jicho litoke, naye akaja, akasimama nje uani, akafanya alivyoambiwa mbele ya watu, akaenda zake. Mwezi haukuisha kabla hajahamia kwa kakake Olenguruone.

Viazi vilipovunwa, Baba alikuwa akiingiza magunia kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nikitazama katuni. Aliufungua mlango wote, akauegemeza kwa jiwe, na picha ikaganda. Nikageuka. Bati lile zito la chuma lilikuwa limefika katikati ya dirisha na antena, limeikinga kabisa. Nilitoa jiwe, nikafunga. Picha ikarudi. Nikafungua, ikapotea. Nilifungua na kufunga tena na tena. Wageni wengine wote walikuwa wakiufunga mara moja kwa sababu ya baridi.

Baba alikuwa amesimama na gunia begani, akinitazama. Aliliweka chini.

"Usiambie mtu," alisema.

Nilimwambia Mama usiku ule ule, na Jumamosi tukaenda Olenguruone, sisi wawili. Mama Sera alitupokea nje, akatutengenezea chai. Mama alieleza habari za mlango huku akilia. Mimi nilisema pole, neno moja tu, halikutoka vizuri.

"Nilikuwa nauacha wazi makusudi," Mama Sera alisema. "Najua watu husema nini juu yangu. Nilitaka anayepita aone mahali nimekaa. Mtoto akiugua, kuwe na mtu wa kusema sikumkaribia."

Mama alimsihi arudi, akaahidi kumweleza kila mtu. Mama Sera alitikisa kichwa. "Utazunguka Molo yote na huo mlango?"

Hakurudi. Mama aliwaeleza watu kweli, kanisani na sokoni, na wengi walimsikiliza kwa adabu. Shosho alipoonyeshwa mlango ukifanya kazi yake hakubabaika. "Na ni nani alikuwa anauacha wazi?" aliuliza, akaendelea kumenya viazi.

Sasa mimi ni mtu mzima, na ninaowasimulia haya humshangaa Shosho. Mimi sishangai. Aliamini alichofundishwa, na siku ile macho yake yalimthibitishia. Kinachonishtua hadi leo ni jambo ambalo sikumwambia Mama wala Mama Sera. Picha iliporudi, watu wazima wote waligeuka wakanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona. Kupitia dirishani nilimwona Mama Sera akivuka uwanja peke yake, shingo ameiinamisha kwa baridi. Na mimi nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kupita siku yoyote ya utoto wangu.