Kijana Aliyepiga Makofi Nyuma ya Mwimbaji

Nilipotoka Kisumu kuja Muscat, kazi niliyopata ni kumtunza mzee mmoja huko Qurum. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja, na kumwinua kitandani kulinimaliza mgongo kabla hata ya chai. Binti yake akishaondoka kwenda ofisini Al Khuwair, tulibaki wawili na televisheni.

Mzee alizaliwa Unguja, akasoma Ujerumani ujanani. Alitaka filamu za zamani za Kijerumani tu: mtu ananyongwa kwenye ukungu, inspekta anawasha sigara, halafu ghafla vijana wenye magitaa wanaimba kilabuni na watu wanacheza. Wimbo ukiisha, maiti nyingine.

"Mbona hawamlilii huyu aliyekufa?" niliuliza.

"Wanacheza kwanza," alinijibu.

Kumbe yeye na rafiki yake, Mzanzibari mwenzake, waliwahi kuitwa wajaze ukumbi katika filamu ya namna hiyo. Jina la filamu hiyo alikuwa amelisahau. "Nnajitafuta, mwanangu," alisema. Basi tukatafuta miezi na miezi. Nilisinzia nimeketi, nikiota bastola na ngoma.

Alasiri moja yeye ndiye aliyelala. Mwimbaji mwenye koti la kumetameta alikuwa akizunguka meza, na nyuma yake nikaona kijana mweusi, mwembamba, akipiga makofi na kucheka. Nikamtikisa mzee bega.

"Mzee, amka! Uko hapa!"

Nikarudisha nyuma. Akatazama, akaniambia nirudishe tena.

"Si mimi," alisema. "Huyo ni mwenzangu. Mimi nilikuwa kushoto kwake. Wamenikata."

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimzika kule kule. Kifua kikuu. Filamu ilikuwa haijatoka bado."

Jioni alimsimulia binti yake, ambaye hakuwahi kusikia habari za rafiki huyo. Binti akaulizia kwa jamaa, na Ijumaa akamleta dada wa marehemu, bibi anayeishi Bustan. Alikaa karibu kabisa na televisheni, mkoba mapajani.

"Meno yake hayo," alisema. Kisha akauliza, "Alikuwa na koti zito la baridi huko?"

Mzee alimgeukia. "Langu," alisema. "Tulikuwa tunapokezana."

Yule bibi akamshika mkono ule uliolegea, akaushikilia. Mwimbaji alimaliza, inspekta akarudi kazini, hakuna aliyeniambia nizime. Nilikuwa nimechoka hata kulia sikuweza. Nikaenda jikoni kuwatilia chai.