Binti Yangu Nilimufanya Mama Mukwe

Kosa ni langu, musimutafute mwingine. Mimi ni mutu wa kukaa nyumbani, hapa Kasongo, kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, sina hata kazi ya kusingizia. Na pedagojia, elimu ya kufundisha watoto, nilisoma mpaka nikapata diplome ya sekondari. Cheka tu, mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nimechoka.

Binti yangu wa kwanza alipewa jina la mama ya bwana yangu, Feza, kama inavyofanyika kwetu. Huyo mama mukwe anakaa Wamaza. Mimi naye hatujapatana tangu siku alipoonja sombe yangu, majani ya muhogo, akauliza kama ni chakula cha mbuzi. Basi mutoto akilia mu kitanda, mimi nasema: "Mama mukwe amekasirika, mumuletee kiti." Majirani wanacheka. Na mimi nikisikia watu wanacheka, basi, nimekwisha! Mzaha ukawa jina lake. Hata kumuita kula: "Mama mukwe, bugali iko tayari."

Kisha nikazaa mutoto mwanaume. Feza, hapo ana miaka kama mitano, akageuka. Anatupa sahani, anauma, anajilaza mu matope njia ya kwenda kuchota maji. Mwalimu wangu wa pedagojia angeniuliza: mutoto huyu amekosa nini? Mimi sikuuliza. Sikuona mutoto kabisa. Niliona yule wa Wamaza amenifuata mpaka jikoni.

Nikawa nagombana naye kama mukubwa mwenzangu. Yeye akipiga kelele, mimi napiga kuzidi yake. Namuambia roho mbaya ilikuja na jina. Maneno yote niliyoogopa kumuambia nyanya yake, nilimumwagia yeye. Mutoto wa miaka mitano!

Siku moja nilikuwa nanyonyesha, Feza akanivuta mukono. Nikamusukuma. Akapindua beseni ya sombe niliyotoka kutwanga, yote chini. Wageni walikuwapo, na mimi nilitaka wacheke. Nikamuambia: "Mama mukwe, funga nguo zako, urudi kwako Wamaza."

Walicheka. Feza hakucheka. Aliingia ndani, akafunga nguo zake mu kitenge, akaketi mulangoni. Baba yake aliporudi na pikipiki, akamuambia polepole:

"Baba, nipeleke kwangu. Mama amesema hapa si kwangu."

Bwana yangu alisema kwa mama yake mutoto atatulia. Kesho yake akamupeleka. Na mimi, kichwa ngumu, nikasema aende, atalia, watamurudisha wenyewe. Aliyelia ni mimi.

Mwishowe nikapanda pikipiki mpaka Wamaza, mudogo wake mugongoni, kumurudisha. Mama mukwe alinipokea vizuri, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nikamuuliza kama Feza ametulia. Akasema hapana, hata huku anatupa vitu. Lakini yeye, nyanya yake, anaketi chini karibu naye, hasemi kitu, kilio kikiisha wanaokota pamoja.

"Anakulilia wewe, mukamwana," akaniambia, maana mimi ni muke wa mutoto wake. "Anasema tangu mudogo wake azaliwe, mikono yako imejaa."

Feza akatokea nyuma ya nyumba. Nikafungua mikono. Akasimama mbali kidogo, akanisalimia kwa heshima, bila mchezo hata kidogo:

"Karibu, mukamwana."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata nyanya yake aliangalia chini. Nilimuomba turudi nyumbani, akajibu kwamba atakuja kututembelea. Nikarudi na mudogo wake tu.

Wewe mwenye mutoto anayekuchosha, na najua wanachosha jamani, nyamaza kwanza. Kaa karibu naye, mwangalie yeye, usiangalie mutu uliyegombana naye. Huyo mutu mwingine iko na nyumba yake, mufuate huko. Na usimufanyie mutoto mzaha unaomufukuza, maana wewe unasahau, yeye anafunga nguo.

Mavuno yakiisha narudi Wamaza. Sitasema kitu cha kuchekesha. Nitaketi chini karibu ya Feza, na akitaka kupiga kelele, apige. Sina haraka.