Harambee ya Watoto wa Stechford

Truphosa alipochaguliwa kuingia kwenye bodi ya shule, habari zilifika Kakamega kabla hajavua koti. Waingereza huwaita wajumbe wa bodi kama hiyo magavana, na mjomba wake hakuhitaji kusikia zaidi ya neno hilo. Akapiga simu kuuliza kama gavana mpya ameshapata dereva.

"Mjomba, mimi si gavana wa kaunti. Ni wa shule. Shule ndogo. Hata chai tunajichemshia."

"Wote huanza hivyo hivyo," mjomba akasema. "Mimi niko tayari."

Shule yenyewe, Millbrook Lane, ilikuwa jengo la matofali mekundu nyuma ya stesheni ya treni ya Stechford, Uingereza, lenye darasa moja kwa kila mwaka. Bodi yake ilikuwa na wazazi wawili waliopigiwa kura na wenzao, mwalimu mmoja, mwalimu mkuu, mtu wa halmashauri ya jiji na majirani wachache wenye moyo. Hakuna aliyelipwa. Hawakuendesha shule, walimhoji anayeiendesha, wakapitisha bajeti yake, na ikibidi kukata, mkono wa kukata ulikuwa wao.

Truphosa alikuwa akizunguka kwa mabasi kutwa nzima, kuwaogesha na kuwavisha wazee majumbani mwao, na mikutano ya jioni hakuihitaji. Aliingia kwa sababu moja. Mwanawe Shem, alipotoka Kenya akiwa mdogo, hajui hata neno moja la Kiingereza, alikuwa kila asubuhi anajificha chini ya meza ya darasa la wanaoanza. Mwalimu Audrey, mzaliwa wa Handsworth, mtaa mwingine wa jiji, mwenye wazazi Wajamaika, hakumvuta kutoka. Alichukua kitabu cha picha, akainama na mgongo wake mbovu, akaingia naye chini ya meza, akasoma. Kesho yake tena. Wiki zikapita hivyo, mpaka siku Shem alipotoka mwenyewe, akasema kwa Kiswahili ambacho mwalimu hakukielewa kwamba kule chini pamebana.

Basi jioni moja ya Novemba, Ranvir alipofungua mkutano, Truphosa alijikuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ranvir ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mama wa Kisikh aliyestaafu kwenye karakana ya treni kule Tyseley, na alizungumza kama anayesoma kipimo cha mashine. Fedha za shule hutoka serikali kuu, alisema, hupitia kwa halmashauri, na hufuata kichwa cha mtoto. Kila vuli watoto huhesabiwa. Kiti kitupu hakileti kitu. Na darasa la wanaoanza lilikuwa na viti vitupu zaidi ya vyenye watu, maana kodi za nyumba zimewahamisha wengi, na wengine wanazipita shule mbili kwenda ya tatu yenye jina.

"Darasa lenye nusu ya watoto linalipa nusu ya mwalimu," Ranvir alisema.

"Na nusu ya mwalimu mimi sijawahi kumwona," akasema Rikesh, mwalimu mkuu, lakini hakucheka.

Katikati ya Januari ndiyo siku ya mwisho ya wazazi kuchagua shule. Familia za kutosha zisipoichagua Millbrook Lane, wanaoanza watachanganywa na darasa la juu yao, na Audrey ataondoka.

"Na shule ikianza kufungwa kwa chini," Ranvir akaongeza, "hufungwa mpaka juu. Nimeona mbili."

Truphosa akasimama. Hakuna mtu anayesimama kwenye mikutano ile.

"Mnipe mpaka Januari. Tutafanya harambee."

Walimtazama kwa adabu. Rikesh akauliza kama hicho ni chakula.

Huko alikokulia Truphosa, shule hazikushushwa na serikali kutoka juu. Wazazi walichanga. Mwenye pesa alitoa pesa, mwenye kuku alileta kuku akapigwa mnada, mgeni rasmi akajifaragua, na mwisho wa mwaka darasa likapata paa. Alikuwa mtoto kwenye uwanja wa namna hiyo, akamwona mamake akivua kitenge kipya na kukitoa kiuzwe. Kwa hiyo alianza kazi usiku ule ule. Akawapigia Wakenya wa kanisani kwake, Watanzania wa Tyseley na Wakongo wa mtaa wa pili. Ukumbi wa shule ukapatikana kwa Jumamosi moja ya Desemba. Mshereheshaji akawa Xavier, Mkongo wa Bukavu, kinyozi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

Ranvir alimkuta Truphosa kituo cha basi siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo.

"Truphosa, nisikilize. Watakachochanga kitanunua vitabu, na nitashukuru. Lakini mwalimu si paa. Paa ukishalilipa limekwisha. Mwalimu utamlipa mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa kumi. Mtachanga mpaka lini?"

"Mpaka waje watoto."

"Basi anza hapo," Ranvir akasema, na basi lake likaja.

Truphosa alibaki kituoni, basi la kwake likampita. Aliumia, maana alikuwa ameshatangaza, na alijua Ranvir amesema kweli. Alikuwa amebeba dawa ya Kakamega akaileta kwa ugonjwa mwingine. Kule kwao watoto walikuwa tele wakisoma chini ya mti kwa kukosa darasa. Huku darasa lipo, lina joto, lina hata zulia. Watoto ndio hawapo. Kinachokosekana ndicho huchangwa. Basi la tatu lilipofika alikuwa anampigia simu Xavier.

"Tunabadilisha," alimwambia. "Hatuchangi pesa."

"Bon, haya. Tunachanga nini?"

"Watoto."

Xavier alizima mashine yake ya kunyolea. "Mama Shem," akasema, "hiyo ninaiweza."

Jumamosi ile ukumbi ulijaa. Chapati zilipangwa kwenye meza zile zile fupi za watoto, chai ikawa kwenye machupa, na watu wazima walikaa magoti yakiwagonga videvu. Xavier akapanda jukwaani.

"Bon, bamama na bababa! Leo mufuko yako ikae. Mutu mwenye mutoto wa kuanza shule mwakani, anyooshe mukono, atuambie: namuleta hapa!"

Watu walicheka, Wakenya wakamwigiza, lakini mkono haukupanda. Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na shule yake kichwani, ile yenye jina.

Hapo Zeinab akanyanyuka. Alikuwa Msomali wa Eastleigh aliyepitia Uswidi, mama wa mapacha, na watu walimpenda na kumwogopa kwa ulimi wake.

"Mimi nauliza tu, Mama Shem, usinichukie. Mwenye harambee si ndiye hutoa kwanza? Wambui wako umemwandikisha wapi?"

Zeinab alijua jibu, kwa kuwa watoto wao walicheza pamoja. Wambui, kitinda mimba, alikuwa ameandikishwa chaguo la kwanza shule ya kanisa upande wa pili wa jiji, yenye foleni na sifa, ambayo watoto wake huendelea na sekondari nzuri. Truphosa na mumewe Kimani walikuwa wameomba Mungu juu ya shule ile. Kimani alikuwa nyuma, kando ya chai, ameshika chupa.

Truphosa hakumtazama. Kama angemtazama, asingeweza.

"Namtoa Wambui," akasema. "Wambui Kimani. Anakuja hapa."

"Mutoto ya kwanza!" Xavier akanguruma. "Mupige makofi!"

Zeinab bado alikuwa amesimama. "Haya," akasema. "Sasa umeongea. Nachanga mapacha."

Ukumbi ukalipuka. Baba mmoja wa Tanga akamtoa binti yake, mwingine akasema watoto wake wamekua ila anamchanga jirani wa ghorofa ya juu mwenye wajukuu wawili, na Xavier akaikubali ahadi ya jirani kama kuku alivyopokelewa zamani. Mama mmoja mjamzito akachanga tumbo, akaambiwa asubiri zamu yake. Rikesh, aliyekuwa mlangoni, alimuuliza Ranvir nini kinaendelea. Ranvir akamwambia anyamaze.

Nyumbani, watoto walipolala, Kimani alikaa mezani bila kuvua viatu.

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza, Truphosa."

Truphosa alijua ni kweli. Alisema tu, "Audrey akiondoka, nani ataingia chini ya meza?"

"Wambui hajifichi. Wambui hupanda juu ya meza."

"Basi atahitaji mtu wa kumshusha."

Kimani alitaka kukasirika zaidi, ila uso ulimsaliti. Kisha akavuta simu, akafungua ukurasa wa halmashauri, akabadilisha chaguo la kwanza yeye mwenyewe. "Isije ikasemwa umemtoa peke yako," akasema, na ndipo akavua viatu.

Lakini ahadi ni deni, na anayejua harambee anajua kwamba makofi si malipo. Krismasi ilipopita Truphosa alianza kudai. Kati ya mzee mmoja na mwingine alishuka kwenye basi, akagonga milango. Kwa mama asiyejua kuingia kwenye ukurasa wa halmashauri alikaa naye sebuleni mpaka amalize. Kwa baba wa Tanga aliyebadili nia alikunywa vikombe vitatu vya chai bila kutaja shule, mpaka yule baba akashindwa kuvumilia, akaitaja mwenyewe. Jirani wa juu, babu wa Kipakistani, alishangaa kusikia kwamba ameshachangwa. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita binti yake. Wawili watatu walikwepa mpaka mwisho. Truphosa aliwasalimia kanisani kama kawaida, akawaombea mema yasiyo mengi sana.

Aprili halmashauri ilipotangaza nafasi, darasa halikujaa. Vilibaki viti vitupu, lakini vilivyokaliwa vilitosha, na bodi ikapiga kura: darasa la wanaoanza litafunguliwa, Audrey anabaki. Mwaka mmoja, Ranvir alisisitiza. Mwakani watahesabiwa tena.

Septemba, asubuhi ya kwanza, Wambui aliingia bila kugeuka nyuma, na kabla mamake hajafika getini alikuwa ameshapanda juu ya meza. Audrey alimnyooshea mikono, mgongo ukiwa mbovu vile vile.

Jioni ya wiki ile bodi ilikutana. Ranvir akavaa miwani.

"Jambo la pili. Paa la ukumbi linavuja, na bajeti haina nafasi."

Truphosa akanyoosha mkono. Safari hii hakusimama, na Rikesh alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Paa," Truphosa akasema, "sasa hilo tunalijua."