Mama Kurasa na Miongozo Iliyopotea

Pale idara ya maji walimwita Mama Kurasa. Kwa miaka kumi na tisa alitunza kompyuta zao, na hakuwahi kuandika amri ngumu kabla ya kusoma ukurasa wake wa mwongozo. Chumba chake hakikuwa na intaneti. Miongozo ilikaa ndani ya mashine yenyewe. Watu walimcheka, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: mwaka wake wa kwanza alibahatisha amri moja, akafuta vipimo vya pampu vya miezi minne.

Jumatatu moja asubuhi, diski ya kumbukumbu ilianza kukwaruza kama mtu anayesaga meno. Ilibidi kila kitu kihamie diski mpya kabla ile haijakata roho. Mama Kurasa akaandika man, neno la kuita mwongozo, na jina la amri ya kunakili. Jibu likaja: hakuna ukurasa huo. Akajaribu amri nyingine. Hakuna. Hata mwongozo wa man yenyewe haukuonekana.

"Shemeji!" alimwita mdogo wa mumewe, fundi wa pampu wa chumba cha pili. "Ijumaa uligusa nini humu?"

"Niliweka programu ya pampu tu, shemeji. Na nikaielekeza mashine kwenye folda ya miongozo yake. Mbona hiyo inafunguka?" Akasikiliza ule mkwaruzo. "Si unaijua hiyo amri? Andika tu, diski inakufa!"

"Naijua kwa sura. Tabia zake zote sizijui."

Akafungua faili la mipangilio ambalo mashine hulisoma kila mtu anapoingia kwenye akaunti yake. Mwishoni palikuwa na mstari mgeni: MANPATH, yaani njia ya miongozo, kisha folda moja tu, ile ya pampu. Kompyuta ilikuwa imetii. Imeambiwa miongozo iko hapo, ikaacha kutafuta kwingine. Kurasa za zamani hazikwenda popote.

Akaongeza nukta mbili mwishoni mwa mstari, alama ya kusema "na kule kwa kawaida pia." Akatoka kwenye akaunti yake, akaingia upya.

Ukurasa ukafunguka. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo, shemeji akihema nyuma yake. Kumbe diski ya zamani hutajwa kwanza, mpya baadaye. Kichwani alikuwa ameshazigeuza. Angeandika utupu wa diski mpya juu ya kumbukumbu zote.

"Ungeniua, vipimo vya pampu zangu vyote vimo humo," alisema shemeji.

"Wewe uliyesema niandike tu ndiye ungeniua mimi."

Kufikia saa saba mchana kila kitu kilikuwa kimehama. Shemeji alivuta kiti, akaomba aonyeshwe ule mstari tena, taratibu.